Miavuli Minne ya Baba Zulfa

Baba Zulfa,

Chai iko kwenye chupa. Zulfa avae sweta. Nimekwenda Mbale kumwona shangazi, ~~nitarudi kesho~~ nitarudi leo leo.

Alfajiri, ulipokuwa msikitini, nilifuta vumbi kwenye hiyo boti unayoiunda uani. Nikaegemea ukingo, kipande cha bomba kikachomoka kwenye mbao na kusimama wima. Nikatafuta, nikapata vinne. Vyote vina bawaba, ukivikunja vinalala ndani ya ukingo. Uliporudi nikakuuliza.

"Ni vya kushikia miavuli, Mama Zulfa," ukasema, kisha ukarudi kulala.

Miavuli minne? Nyumba hii ina mmoja, na nimeujaribu, mpini haukuingia. Ndipo nikampigia yule fundi wako wa kuchomea vyuma, wa Mbale. Hata hakufikiri. "Ni vya fimbo za kuvulia samaki. Bwana alitaka vilale kabisa, visionekane."

Visionekane na nani? Mwaka jana ulishikwa na kizunguzungu ukaangukia ziwani, wenzako wakakuvuta kwa shati. Uliniapia hutavua tena, boti ni ya kutembeza watoto tu. Kuvua hakuniumizi kama huko kukunja. Ulikaa ukapima, ukachora, ili mimi nipite nisione.

~~Iuze.~~

Nikirudi nikute majaketi mawili ya kuokolea, lako na langu. Nikikuta moja, nitajua bado unanificha.

Mama Zulfa