Ndege Waliotoka kwa Mluzi

Ukingoni mwa msitu wa Gola

Kwa dada yangu mpendwa, Mattu,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, hofu yetu ni juu yako huko Bo, maana mimba ya kwanza si mchezo. Baba hajambo. Mama naye hajambo, ingawa tangu mvua zianze alikuwa hasemi nami. Alisema msitu si kazi ya binti yake.

Dada, kaa vizuri. Mdogo wako sasa ni mwongoza wageni msituni, mwanamke wa kwanza hapa kwetu! Tangaza, nimekuruhusu.

Mtihani ulikuwa kumtambua na kumtoa vichakani yule ndege mdogo wa kahawia ambaye sote tunamsikia na hakuna anayemwona. Vandi, mwana wa mwindaji, alitangulia. Aliupiga ule wimbo wote kwa mluzi, mtamu kweli. Kichaka kimya. Wenzake wakamtania kwamba amembembeleza ndege mpaka akalala.

Nikamwambia msimamizi, Bwana Kpana, kwamba huyo si ndege mmoja. Ni dume na jike, wanapokezana. Akaniuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba nimetwanga mpunga na dada yangu katika kinu kimoja miaka yote. Wa nje husikia mchi mmoja, lakini mimi naujua wako na naujua wangu. Akasema haya, niwaite basi. Hapo nikakwama, maana mdomo ninao mmoja! Nikapiga sehemu ya dume, Vandi akajaribu ya jike, akachelewa kila mara. Nikaona kazi inaniponyoka hivihivi.

Ghafla jike akajibu nyuma yangu, sawasawa kabisa. Ndege wakatoka wote wawili, wakasimama juu ya mzizi wakitufokea kama wenye shamba. Bwana Kpana alisahau kufunga mdomo.

Dada, aliyejibu alikuwa Mama. Mama huyuhuyu aliyetuchapa utotoni, eti mwanamke hapigi mluzi! Alikuwa ametufuata, kajitwika kikapu, eti anatafuta uyoga. Nilipogeuka machozi yananitoka, akanikaripia mbele ya watu: "Unanikodolea nini? Piga tena, wasije wakasema tumebahatisha."

Tukapiga tena.

Basi, msalimie shemeji, ule vizuri, upumzike. Mama anakusalimu sana. Yuko uani, anawaonyesha majirani namna ya kukunja ulimi.

Mdogo wako akupendaye,
Jebbeh