Ini Langu Limepimwa, Wifi Anataka Funguo za Jiko

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nisikilize hivyo hivyo, maana nimechoka na sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, nina mgahawa karibu na karakana za magari, niliuanza na jiko moja la mkaa na benchi la kuazima, leo nina meza kumi na mbili na wapishi wanne, na hakuna aliyenipa hata kijiko. Miezi ya karibuni nimekuwa nikiamka nimechoka kama niliyebeba magunia, nikaenda hospitali, picha ya tumbo ikaonyesha ini lina mafuta. Daktari, binti mpole tu, akaniambia cha kuogopa zaidi si mafuta, ni makovu, na siku hizi hawakimbilii kukuchoma sindano wanyofoe kinyama cha ini, wanaanza na damu: wanachukua umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na chembe za kugandisha damu, wanapiga hesabu. Yangu ikatoka 1.68. Nyumbani niliirudia mwenyewe kwenye simu, mpaka kipeuo cha pili nikakipata, ikatoka ile ile. Ingekuwa chini ya 1.3 ningelala usingizi, ingezidi 2.67 ningejua nina kazi, lakini mimi nimeangukia katikati, kama mgeni aliyeachwa mlangoni.

Basi nikapangiwa kile kipimo cha mashine inayogonga mbavuni kupima ugumu wa ini. Asubuhi hiyo nilifungua jiko kama kawaida, maana kwangu sufuria haitoki bila mimi kuionja, supu ya mifupa, maharage, mchuzi, wali, na nikirekebisha chumvi naonja tena, mpishi akikosea wateja wananitafuta mimi, si yeye. Nikavua aproni nikaenda. Nesi akaniuliza kama nimekula, nikamjibu sijala, na kweli sikuwa nimegusa sahani. Mashine ikasema 9.8, wakati wanataka isifike nane.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliposikia tu habari za makovu akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akasema, "Wifi, ini haliharibiki kwa chai." Mimi ambaye bia sijui hata inanukaje. Mume wangu hakumkanya, alikuwa anageuzageuza chakula kwenye sahani kama anatafuta kitu. Baadaye wakakaa wao kwa wao, wakaja kuniambia mwisho wa mwezi nimkabidhi wifi funguo nipumzike. Nilipobisha mume wangu akasema taratibu, "Mama watoto, mimi nakutaka uwe hai. Jiko litapata mtu." Maneno mazuri, lakini huyo mtu ni wifi, ambaye hajawahi kuinjika hata maharage yakaiva bila kuungua. Daktari amesema nirudi kwenye mashine, nami sioni faida, namba ni namba, haibembelezwi. Nimechoka kubishana, funguo nimeshazitoa kwenye mkoba mara mbili nikazirudisha. Nizitoe, au nirudi nikaambiwa yale yale?

Mama wa Meza Kumi na Mbili

JIBU

Mama, pole. Uchovu wako nimeusikia mpaka huku. Lakini hesabu uliirudia kwa bidii yote, mbona hukujiuliza ni nini kimeingia kwenye mashine?

Mimi si daktari, kwa hiyo barua yako nilimsomea daktari wa ini kabla ya kukujibu. Nilipofika kwenye supu ya mifupa akaniomba nisome tena. Supu, maharage, mchuzi, wali, kisha tena baada ya chumvi: hiyo kwako ni kazi, kwa ini lako ni mlo kamili. Mtu akitoka kula, damu hukimbilia ini, likawa gumu kuliko kawaida yake, na mashine ikasoma hivyo. Nesi alikuuliza swali la maana, wewe ukamjibu kuhusu sahani.

Usianze kushangilia. Huenda 9.8 ilipanda kwa sababu ya supu, huenda ni yako kweli, na hakuna wa kukuambia mpaka urudie. Na ile 1.68 ya damu haikutokana na supu, bado ipo, na mafuta bado yapo. Kwa hiyo unarudi. Kwa muda wa saa tatu nzima kabla ya kipimo, na zikizidi ni bora, usipitishe kitu mdomoni, hata ncha ya kijiko, na umweleze daktari ukweli wote wa asubuhi ile. Ikitoka juu tena, nenda atakakokutuma, bila kiburi. Ikishuka, bado punguza uzito, acha soda, tembea, na uulize lini utapimwa tena.

Mumeo nenda naye, aingie mpaka chumba cha daktari, aelezwe kwamba mafuta kwenye ini huwapata hata wasiojua harufu ya bia. Akitoka humo, yeye ndiye atakayemjibu dada yake, si wewe. Nadhani ana hofu zaidi kuliko ubaya, ila hofu yake isikunyang'anye jasho lako kwa kipimo ulichokiharibu mwenyewe.

Kuhusu jiko, mgahawa haukabidhiwi kwa sababu ya namba yenye shaka. Siku ya kipimo usikanyage huko kabisa, maana najua mkono wako utaenda kwenye sufuria wenyewe. Aende wifi, aonje yeye, na chumvi ikizidi wateja watamtafuta yeye. Mpe mwiko asubuhi hiyo moja. Funguo rudisha kwenye mkoba, na ufunge zipu.