Jumatatu Tatu Mfululizo

Kota za Kiwanda, Nyumba Namba 46
11 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na wanao wote wawili, nikiamini barua hii inawakuta mmekaa vizuri na hakuna anayekohoa. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa haya macho. Nalisema mapema usije ukanirukia kwamba nimekuficha.

Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Mbele naona, pembeni hakuna kitu. Jumapili iliyopita nilimkanyaga mke wa mchungaji mpaka akaniambia, "Dada, kama una neno na mimi liseme tu, usilimalizie kwenye vidole vyangu." Tulicheka wote. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Umeniandikia nije huko mjini, daktari wa macho yupo na utamlipa wewe. Mungu akuzidishie. Lakini unasema anataka nikae mwezi mzima, anipasue, kisha aniangalie kila wiki, na nisipande basi mpaka aseme. Mdogo wangu, mwezi una Jumatatu nne.

Najua utasema, "Haya, limeanza lile daftari." Ngoja nikueleze, maana ulipoondoka hapa ulikuwa kijana na mambo haya ulikuwa unayachekea tu. Kiwanda kilipofungwa sisi hatukufukuzwa. Tangazo la getini lilisema wafanyakazi wote wako likizoni mpaka mwekezaji atakapowaita. Chini yake likasema kila mmoja afike getini kila Jumatatu saa moja asubuhi, atie saini daftarini kwa mkono wake mwenyewe. Akikosa Jumatatu tatu mfululizo, huyo amejiachisha kazi, na nyumba ya kiwanda airudishe.

Mwekezaji aliuza mashine zangu za kufumia kama chuma chakavu akaenda zake. Tangazo likabaki. Sasa huu ni mwaka wa ishirini na tatu niko likizoni, sijui kama kuna mfalme aliyewahi kupumzika hivyo. Ila nikitoka katika nyumba hii, nyingine sina. Mume wangu aliniachia hii tu, na hata hii haikuwa yake.

Niombee.

Dada yako


Mjini
2 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Tumeipata barua yako tukiwa salama, ila wifi yako amekasirika tangu aisome. Anauliza hivi: vyumba viwili na paa linalovuja vinaweza kulinganishwa na macho mawili? Nimemwambia akuulize mwenyewe. Amesema akikuandikia yeye hamtasalimiana tena.

Nimerudi kwa daktari. Ugonjwa wako ni presha ya macho. Anasema kilichokwisha kupotea hakirudi, hata uende ng'ambo. Yeye anaweza kukizuia kile kilichobaki tu. Kwa hiyo kila wiki unayokaa huko ni wiki unayoitoa wewe mwenyewe, dada. Amekupa tarehe 9 Machi.

Tena nikuambie ukweli, usinikasirikie. Wewe unaililia serikali ya kwanza kama mama mzazi. Ndiyo, ilijenga kiwanda, na mimi ilinisomesha bure. Lakini umesahau foleni? Baba alikwenda kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, akarudi mchana na betri za tochi, kwa sababu sabuni iliisha na hakutaka kurudi mikono mitupu. Na tochi yenyewe hatukuwa nayo!

Serikali ya pili ikafungua milango, mitumba ikaingia, mimi nikapata kibanda, nikaoa, nikazaa. Najua mitumba hiyo hiyo ndiyo iliyokukalisha wewe bila kazi. Nikifungua belo huwa nakukumbuka. Lakini daktari atalipwa na mitumba, hakuna pesa nyingine. Panda basi uje.

Mdogo wako


Kota za Kiwanda
15 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Watoto wameshafunga shule? Mimi naendelea, neema ya Mungu inanitosha.

Najua tarehe tisa ilipita na ulikwenda stendi kunisubiri. Nilikuona kwa moyo umesimama pale, mikono mfukoni, ukitazama kila anayeshuka. Nisamehe. Nilikuwa nimefunga mzigo kabisa, na Karani nilikuwa nimeshamuaga. (Karani ndiye anayetunza daftari, zamani alikuwa mwandishi wa zamu zetu.) Siku mbili kabla ya safari akaja Mzee Mitambo.

Tunamwita hivyo kwa sababu kila akishika kipaza sauti anaahidi mitambo. Anagombea urais mwezi wa saba. Alisimama getini, akaomba daftari letu, akaliinua juu ya kichwa chake.

"Haya si majina," akasema. "Hawa ni mashahidi! Serikali iliyopita iliuza jasho lao kwa bei ya karanga!"

Yule mama aliyekuwa idara ya rangi, unamjua kwa mdomo, akapaza sauti: "Mheshimiwa, hata mwenzio wa uchaguzi uliopita alikuja na maneno hayo! Na shati hilo hilo!"

Watu wakacheka. Mzee Mitambo naye akacheka, akashika kola yake. "Mama, shati ni hilo hilo kwa sababu hatuna kiwanda cha kutengeneza jingine!"

Hapo akatupata wote. Kisha akasema jambo lenyewe: akishinda, nyumba hizi zitakuwa mali ya waliomo kwenye daftari, wale ambao majina yao hayana pengo mpaka siku ya uchaguzi. Na mitumba ataipiga marufuku, kiwanda kifufuke.

Mdogo wangu, nilipiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto. Nilipofika nyumbani nikavua viatu ndipo nikakumbuka wewe unauza nini. Nilipiga magoti kutubu, lakini sikujua hasa natubu kitu gani.

Utaniona mjinga. Sisi hapa serikali ya kwanza ilitujengea kiwanda, ya pili ikakiuza, na zote zilizofuata zinakifanyia kampeni. Ukikaa katikati ya mambo hayo miaka ishirini na tatu, mtu akitamka neno "nyumba yako" masikio yanasimama.

Nivumilie kidogo.

Dada yako


Mjini
20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Sina salamu ndefu leo, utaona sababu.

Nina mteja wangu, tunamwita Suti kwa sababu ndicho anachonunua. Anafanya kazi masjala, kule yanakotunzwa mafaili ya mashirika ya umma yaliyokufa. Nilimchagulia koti moja zuri sana, nikamwambia, nitafutie habari za kiwanda cha dada yangu.

Amelipata faili. Lile shirika lililomiliki kiwanda lilivunjwa miaka kumi na tisa iliyopita. Lilifutwa, halipo. Nilimuuliza, "Na daftari la Jumatatu linaletwa ofisi gani?" Akanitazama. "Daftari gani?" Nikamweleza. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Kaka, hakuna ofisi inayopokea kitu hicho. Hakuna anayelisoma."

Dada, umesikia? Tangu wakati huo mnaisainia hewa! Hakuna wa kukuhesabia Jumatatu tatu, wala sita, wala mia. Hakuna wa kuja kukutoa. Ungeweza kuja tangu jicho lilipoanza.

Daktari ametupa tarehe nyingine, 4 Mei. Nimemwambia safari hii utakuja. Msomee Karani barua hii kama unataka, kisha upande basi.

Mdogo wako anayekusihi


Kota za Kiwanda
17 Mei

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Amani iwe kwenu. Mniwie radhi mwandiko, mistari nayo imeanza kupandiana.

Nilimpelekea Karani barua yako. Nilimkuta ndani ya kile kibanda cha mlinzi anachokiita ofisi. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Kaa chini, dada."

"Nimekaa."

"Unafikiri mimi sijui?"

Akanieleza. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anatuma nakala makao makuu kwa posta. Mwaka wa nne bahasha zikaanza kurudi, hazijafunguliwa. Akatuma tena, zikarudi tena. Akaacha.

"Na hukutuambia!" Sauti ilinitoka, na mimi si mtu wa kupiga kelele.

"Ningesema nini? Kwamba hampo likizoni, hampo kazini, hampo popote? Nilijiambia, heri waje Jumatatu, angalau tunajuana nani yu hai."

Nilitaka kuondoka moja kwa moja mpaka stendi, nakuapia. Karani akanishika mkono.

"Hayo yalikuwa ya zamani. Sasa daftari lina kazi. Watu wa Mzee Mitambo wamechukua nakala yote, ukurasa kwa ukurasa, na kila Jumatatu wanamtuma mtu anakuja kutazama nani yupo. Ukiondoka sasa, pengo lako wataliona."

Umeelewa jinsi nilivyokwama? Miaka yote lilipokuwa halina maana ningeweza kwenda, na sikujua. Sasa nimejua, na limepata maana. Nimemuuliza Mungu kwa nini barua yako haikuja mwaka jana. Hajanijibu bado.

Uchaguzi ni tarehe 12 Julai. Kesho yake napanda basi, nakuahidi kwa jina la mama yetu. Jicho la kulia limeshaniaga. La kushoto bado linauona mlango, na kitabu kikiwa karibu linasoma.

Usimwambie wifi yote.

Dada yako


Mjini
30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini unapumua. Tangu uchaguzi hujaandika, na mimi sikuandika, kila mmoja na sababu zake. Za kwangu ni hizi.

Mzee wenu alishinda. Wiki ya kwanza tu ametia saini, mitumba marufuku. Mimi nilikuwa na mabelo matatu njiani. Nilikuwa nimeyanunua kwa akiba yote, ile ya daktari ikiwemo, nikasema nikiyauza dada atapasuliwa na kitabaki cha nauli yake. Yalikamatwa. Wameyachoma hadharani, pamoja na ya wenzangu, mbele ya kamera, watu wanashangilia. Macho yako yalikuwa mle, dada. Nilisimama nikayaona yanaungua.

Kibanda kimepigwa kufuli. Jirani yangu wa viatu aliwaambia askari, "Basi na ninyi vueni hizo suruali, nani alizishona?" Wakampeleka kituoni.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu. Ulimpigia makofi. Kisha nakaa nawaza: mimi nilishangilia lini? Siku ile waliyofungua milango, nawe ukawekwa likizoni, nilinunua suruali yangu ya kwanza ya mtumba nikakuonyesha. Ukasema imenikaa vizuri. Sijui uliwezaje kusema hivyo.

Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Wifi yako anakwenda kwao na watoto. Wazazi wake wana nafasi ya watoto, si ya mkwe. Mimi sijajua.

Andika, hata mistari miwili. Jicho la kushoto linaendeleaje?

Mdogo wako


Kota za Kiwanda
21 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu za upendo kwako na kwa wote ambao sasa wamelala mahali pengine. Utaona huu si mwandiko wangu, ni mzuri mno. Anaandika mwalimu wa kwaya, mimi nasema. Ameahidi kuandika kila neno hata nikimsema yeye.

Jicho la kushoto liliondoka wiki ya pili ya mwezi wa nane. Kuhusu lile basi nililoahidi kupanda kesho yake ya uchaguzi: watu wa Mzee Mitambo walisema matokeo lazima yatangazwe kwanza, kisha wakasema kamati ya nyumba iundwe kwanza. Nikangoja Jumatatu moja, nikangoja nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenifunga kamba.

Kamati imekuja. Niliwasikia viti vyao na chupa zao za soda. Walisema nyumba tutapewa uhakiki ukikamilika, na uhakiki utafika karibu na uchaguzi ujao. Kwa sasa tuendelee kusaini. Ila wanataka majina yaongezeke, yaonekane mengi. Kwa hiyo wameruhusu ndugu wa kuishi naye aandikwe, na mgonjwa ruhusa kusainiwa na ndugu yake.

Ruhusa hiyo ningeipata Februari, leo ningekuwa nakusomea barua zako mwenyewe. Namwomba Mungu aniondolee wazo hilo, bado halijatoka.

Uliyosema kuhusu makofi ni kweli. Na ile suruali ilikukaa vizuri, sikudanganya.

Jumatatu iliyopita nilimwambia Karani akuandike chini ya jina langu. Akauliza kazi yako. Nikasema, mfanyabiashara wa nguo. Akaandika, huku anasoma kwa sauti: "Ameathiriwa na sera za serikali."

"Serikali ipi?" nikamuuliza.

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. "Hapo naacha wazi, dada. Tutajaza baadaye."

Kwa hiyo usihangaike tena huko. Chumba cha mbele ni chako, nimeshakipangusa kwa kupapasa. Umeshahesabiwa kuanzia Jumatatu ile, na ya pili ni kesho, hutaiwahi. Uwe hapa kabla ya Jumatatu ya tatu. Utasaini mara mbili, langu kisha lako.

Na ukifika usisimame mlangoni kunitazama kimya kimya. Anza kusema tangu njiani, sema lolote, hata ukitaka kunigombeza, nijue umeingia.

Dada yako