Chupa ya Majina Mawili

Yokote, 20 Januari

Kwa kaka yangu Seiji,

Pokea salamu zangu baada ya kimya cha miaka kumi na miwili. U hali gani? Natumaini barua hii, ninayoituma kazini kwako, itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Hirosaki haijakurudishia kile kikohozi cha utotoni. Mimi sijambo. Baba hajambo kiasi. Magoti yanamsumbua, na tangu Desemba hawezi kuinama kushona. Mikeka yote ya karakana sasa naishona mimi, naye ananikosoa kila mshono huku amelala.

Jumamosi iliyopita nilikuja huko kwenu kupima vyumba vya nyumba ya wageni vitakavyotandikwa mikeka yetu. Nilimaliza saa kumi na moja jioni, theluji inaanguka, vidole vimekufa ganzi. Nikaingia baa ya Mama Sugie, ile inayotazamana na maegesho ya mabasi. Nilijiambia ni kwa ajili ya baridi tu.

Nilikaa kaunta kati ya wazee wawili, nikaletewa figili na yai kwenye supu ya moto, na kikombe cha sake, ile pombe ya mchele. Nyuma ya Mama Sugie kuna rafu ya chupa za wateja wa kudumu, kila moja ina kibao cha jina shingoni, inamngoja mwenyewe. Nikawa nasoma majina ili wazee wale wasinisemeshe. Kwenye chupa ya mwisho pameandikwa jina la Baba, Kurosaka Iwao. Chini yake, lako, Seiji.

Kaka, kikombe kilinitoka mkononi. Mwandiko ulikuwa wa Baba, uleule anaoandikia vipimo nyuma ya mikeka. Baba yetu huyuhuyu aliyemfukuza mjomba siku ya mwaka mpya kwa sababu alikuja na chupa.

Nilimuuliza Mama Sugie, nikijifanya sina habari. Akacheka huku akifuta ile sake. Alisema huyo ni babu wao wa Februari. Huja Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo kila mwaka, anakaa dirishani, anakunywa kikombe kimoja huku amekunja uso kama anayekunywa dawa, anatazama mabasi yakiingia. Wao humtania, "Babu, unakagua mabasi au umempenda dereva?" Naye hujibu, "Namkagua dereva. Bado anakata kona kwa pupa, kama alivyokuwa anakata mikeka." Basi likishaegeshwa, anavaa koti lake na kuondoka.

Mzee wa kushoto kwangu akadakia kwamba babu ni mjanja, kachagua baa ambayo dereva hawezi kuikanyaga. Kila alfajiri nyinyi madereva mnapulizishwa kipimo cha pombe, nani athubutu kuonekana mlangoni pale? Mama Sugie akasema chupa isiyoguswa miezi sita huondolewa rafuni, ila hiyo hana moyo wa kuiondoa. Majina ni mawili, na mnywaji mpaka leo ni mmoja.

Huku nyumbani Baba husema anakwenda kwenye mnada wa matete. Miaka kumi na moja namfungia chakula cha safari.

Nikauliza kwa nini havuki barabara. Mama Sugie akaacha kufuta. Alisema mtoto wa kiume wa yule babu alimwandikia mara moja, akiomba radhi kwa kuondoka, na binti wa babu huyo akaificha barua kwenye kopo la sindano. Mzee aliiona, akaisoma, akairudisha palepale. Aliwaambia, "Nikivuka, ataniuliza kwa nini sikumjibu, na itabidi nimtaje dada yake. Yule ndiye aliyebaki nami." Kisha Mama Sugie akasonya. "Huyo binti naye, sijui ana roho ya namna gani." Nikamwambia hata mimi sijui.

Basi lako likaingia wakati huo. Ulishuka, ukapangusa theluji kwenye kioo, mkono mmoja kiunoni, kama Baba hasa. Nami sikuinuka kitini.

Ni mimi, kaka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ndiyo kwanza Baba amenikabidhi sindano, nikaogopa kwamba ukirudi nitarudishwa jikoni. Wala sikuingia baa ile kwa ajili ya baridi. Barua yako ilisema unajifunza kuendesha mabasi Hirosaki, na nilitaka kukuona bila wewe kuniona. Kumbe ni hivyohivyo alivyotaka Baba.

Nimeiweka barua hiyo humu ndani. Tazama pembeni, kuna alama ya kidole yenye vumbi la matete. Miaka yote nilidhani ni kidole changu. Juzi niliiweka kwenye mwanga, nikaona ufa katikati. Ni kidole gumba cha Baba, kile chenye kovu la kisu.

Sijamwambia neno. Jana aliniomba nimkatie tiketi ya kwenda mnadani, na magoti yake yale. Nitamleta mwenyewe Jumamosi ya kwanza ya Februari na kumkalisha dirishani. Nakuomba, ukishaegesha, vuka barabara. Mama Sugie atakupa chai. Mimi nitakuwa nimesimama nje ya mlango. Kama una la kuniambia, niambie kwanza, kisha uingie kwa Baba ukiwa umelitua.

Wasalimie wa nyumbani kwako, kama wapo. Hata hilo nimejinyima haki ya kulijua.

Mdogo wako aliyekukosea,
Chikako