Kioo cha Zamani cha Saa Yako

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia barua hii ili niisome mbele ya ndugu, majirani na akina mama wa kanisa waliokusanyika hapa nyumbani Githongo, mwaka mmoja tangu tukuzike. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Juzi niliyaweka kando.

Siku ile niliyoitengeneza saa yako ya mkono, nilikuja kutoka Nchiru na kioo kipya mfukoni, nikakuambia hatuna haja ya fundi. Kwenye meza ya jikoni nilibandua mfuniko wa nyuma kwa kisu kidogo, nikautoa mtambo na kuulaza juu ya leso, kisha nikakisukuma kile kioo cha plastiki kwa kidole gumba hadi kikachomoka. Kilikuwa kimejaa mikwaruzo. "Mama, humu ulikuwa unaona nini?" nikakutania, nikakitupa kwenye shimo la taka. Kipya nilikikandamiza kwa kifuniko cha chupa hadi kikakaa sawasawa. Ulikipapasa kwa muda mrefu.

"Imekuwa mpya, mwalimu. Mungu akubariki."

Tangu hapo ukaanza kuuliza wakati. "Saa ngapi, mwalimu?" Nami nikakujibu mbele ya wageni, "Mama, si saa unayo mkononi? Ama umeivaa kama bangili?" Wakacheka. Wewe pia ulicheka, ukasema macho yamechoka.

Juzi Tata, mdogo wako wa kike aishiye Kanyakine, alinikabidhi kopo lako la majani chai. Ndani yake, katika kitambaa, kilikuwamo kioo kile.

"Alienda kukiokota shimoni ulipoondoka," akasema.

Alikiinua kwenye mwanga, akanionyesha mistari mitatu ukingoni, iliyochorwa kwa sindano: mmoja wa lori la maziwa, mmoja wa maombi ya akina mama, na mmoja wa simu yangu ya jioni.

"Dada hakujua kusoma, hata namba. Kwani hukujua?"

Sikujua, Mama. Mimi ninayefundisha watoto wa watu, niliyesimama kando yako Jumapili zote hizo ukiwa umefungua kitabu cha nyimbo, sikujua. Tata aliniambia kwamba baada ya kioo kipya ulikuwa ukiketi na simu mapajani tangu mchana, usije ukanikosa. Nilimuuliza kwa nini hukuchora mistari mingine.

"Nilimwambia achore. Akanijibu, 'Mtoto ameitengeneza kwa mikono yake, kisha mimi niikwaruze?'"

Kumbe kazi ile niliyojisifia kwa wenzangu ndiyo iliyokunyima saa.

Sisemi haya ili kukuaibisha. Aibu ni yangu, na nimeona niibebe mbele ya watu walewale waliocheka nami.

Leo asubuhi nimeketi kwenye meza ileile, nikakitoa kioo changu na kukirudisha chako. Kimeingia bila shida, mistari ikakaa mahali pake. Naimalizia barua hii nikiwa nimeivaa saa yako, kabla sijasimama mbele yao. Mshale mfupi umefika kwenye mstari wa tatu.

Uliniuliza saa ngapi. Ni saa kumi na moja, Mama.

Pumzika sasa, usikae tena ukingoja simu.

Binti yako,
uliyemwita mwalimu