Soda Baridi Kwa Kaka

Mbinga, Alhamisi jioni

Eti "kubwa zilikwisha dukani." Kaka yangu wa tumbo moja, aliniambia hivyo huku ananitazama machoni.

Nilimwagiza Songea aninunulie inveta ya saluni, ile ya kutumia betri umeme ukikatika, kwa hela yangu ya mauzo ya kahawa. Nilimwambia kabisa: draya inakula wati elfu moja, kwa hiyo leta ya elfu moja na nusu, isielemewe. Akaleta ya mia tatu. "Hii inatosha, mdogo wangu, mradi betri ni ya lori." Nikaamini, maana kwetu yeye ndiye mjuzi wa umeme.

Leo umeme umekatika tangu asubuhi. Mama Oswini alikuwa na rola kichwani, kesho mwanawe anapata kipaimara. Nikawasha draya. Inveta ikalia kama kifaranga, ikazima. Mama wa watu akaondoka amejifunga kitenge juu ya nywele zilizolowa.

Nikaenda kwa kaka kumwuliza. Wifi akanikaribisha soda. Baridi! Chupa inatoka jasho. Nikauliza friji yao inakula umeme gani.

"Si inveta kubwa aliyoleta kaka yako, safari ile uliyomtuma Songea?"

Maskini, hajui lolote. Kaka akainama kutafuta viatu chini ya kiti, na viatu amevivaa.

Wakati naaga, wifi akasema, "Jumamosi nakuja unitengeneze nywele."

"Karibu sana, wifi. Ila uje na inveta."

Wifi alicheka. Kaka hakucheka.