Siku ya Tatu Nilisema Turudi

Mpendwa wifi Mwanaisha,

Ijumaa iliyopita mama yako alikataa tena. Shehe alikuja na wazee wawili kumwambia kwamba miezi saba imetosha, tukusomee hitima hata kama kaburi hatuna. Mama alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso. "Mwanangu hajaonekana," alisema. "Mtamsomea nini?" Wakanywa chai yao, wakaaga. Mimi nikakusanya vikombe kimya kimya, kwa sababu katika nyumba hii mimi ndiye niliyesema basi.

Nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kuzungumza naye juu ya kazi ile. Kaka yako Selemani hataki kuisikia. Nikiitaja tu, anachukua kofia yake anatoka.

Unakumbuka ilivyoanza? Tulikuwa tumetoka ukimbizini, nyumba nyingi za kijiji zimeungua kwa vita, na sisi wenyewe tunalala chini ya turubai. Kila mara anatokea mtu kutoka vijiji vya Diaca au Mbau, vumbi hadi kwenye kope, anauliza kama tumemwona mama yake, au mkewe. Walipokimbilia porini walipotezana. Watu walimpa pole na maji ya kunywa, basi. Wewe ulimwuliza mmoja wao, "Mara ya mwisho ulikuwa naye wapi?" Alipokuonyesha kwa kidole, ukafunga leso yako ya kapulana kiunoni, ukachukua panga, ukanitazama. Hukuniuliza kama nataka. Nikakufuata.

Mwishowe tukawa wanane: wanawake sita tuliozoea kuokota kombe na kuijua mikoko njia zake zote, na wanaume wawili wa kubeba machila. Katika ofisi ya serikali walituandika kwenye karatasi kuwa sisi ni voluntários, yaani watu wa kujitolea, wakatupa koleti mbili, vizibao vya kuelea majini, za rangi ya chungwa. Kijijini walituita watafutaji. Kuna waliotuheshimu na kuna waliotucheka kwamba tunakwenda kuokota mifupa ya watu.

Ulitufundisha kuita. Mimi nilikuwa napiga kelele mfululizo, nikidhani ndiyo bidii. Ukanishika mkono. "Ukiita jina, nyamaza. Hesabu hadi ishirini. Aliyepotea sauti yake ni ndogo, usimzibe." Hivyo ndivyo tulivyompata yule mama mjamzito chini ya mkorosho, siku mbili hajala. Nilitaka kumwuliza jina, katoka wapi, nani kamwacha. Ukasema, "Achana na maswali. Mpe maji, kidogo kidogo." Njiani ukawa unamwimbia nyimbo za harusi za kipuuzi hadi akacheka juu ya machila. Ile siku niliona fahari kuwa wifi yako.

Na ulikuwa na sheria mbili. Hakuna anayeingia mikokoni peke yake. Na mtu akichukuliwa na maji, tunatafuta siku tatu, baada ya hapo tunarudi, tusije tukazika na watafutaji. Mara mbili nilisimama kando yako ukiwaambia wenye msiba kwamba siku ya tatu imekwisha. Mama mmoja alikutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Ulimsikiliza hadi mwisho, ukamwinamia, ukampa mkono. Kisha ukaenda nyuma ya nyumba ukatapika. Uliniomba nisimwambie mtu, na sijamwambia.

Ile mvua kubwa ilipokuja, mto ukafurika na kukata mashamba ya ng'ambo. Siku mbili tulivusha watu kwa kamba, maji ya kifuani, wazee mgongoni. Siku ya tatu adhuhuri ulikuja mlangoni kwangu. Nilikuwa nimejilaza, miguu imevimba, ngozi ya nyayo imelainika kama mkate uliolowa.

"Mzee Mfaume hajavuka," ulisema. "Binti yake yuko msikitini analia. Twende."

"Tangulia," nikasema. "Nakuja."

Ulikaza fundo la kapulana. "Usichelewe basi. Alasiri maji ya bahari yanapanda, yatakutana na ya mto."

Nikafumba macho, nikijiambia ni kwa dakika chache tu. Nilizinduliwa na adhana ya alasiri.

Nilikimbia, wifi. Kwenye kivuko nilimkuta Zuhura, mwenzetu, anafunga kamba kwenye mti. Akaniuliza kwa nini siko nawe. Akasema alikuona kwa mbali umekaa kwenye gogo, umevaa koleti yako, unatazama njia ya kijijini. Ulikaa sana. Kisha ukainuka ukaingia mikokoni peke yako. Hakuna kitu kinachoniumiza kama kule kukaa kwako kwenye gogo.

Mzee Mfaume alifika kijijini kabla ya magharibi, na gunia la muhogo kichwani. Asubuhi ile alikuwa amezunguka kwa juu, akapata lori, likamshusha Olumbi, akamalizia kwa miguu. Hakuwa amepotea hata kidogo. Siku hizi hapiti mbele ya nyumba yetu. Anazunguka kwa nyuma, kwenye miiba, na mimi namwona.

Tulikutafuta, na niliwaongoza mimi, kwa kuwa wote walinigeukia. Niliita jina lako, nikanyamaza, nikahesabu. Nilihesabu hadi ishirini, nikahesabu hadi mia. Mikoko ina sauti nyingi mtu akinyamaza: kaa, matone, matope yanayopumua. Siku ya pili tuliona koleti yako imenasa kwenye mizizi, kamba zake zimekatika. Siku ya tatu mkondo ulimbeba Zuhura. Tulimdaka kwa nywele, akatoka macho yamegeuka, nasi tukamkamua maji hadi akalia. Ana watoto wanne, unawajua. Nikawatazama wenzangu, wote wakaangalia chini. Nikasema, "Turudi."

Selemani, aliyekuja kutafuta pamoja nasi, alikaa matopeni. Aliniambia bila kupandisha sauti, "Ungekuwa umepotea wewe, Mwanaisha angerudi?"

Nilitaka kumjibu kwamba ndiyo, ungerudi, maana sheria ni yako. Lakini nilijua kwamba wewe usingeniacha niingie peke yangu tangu mwanzo. Nikaanza kukunja kamba. Hadi leo tunalala chumba kimoja kama abiria wawili wasiojuana.

Watu wananiambia ni kadari ya Mungu. Naikubali kadari. Usingizi ule ndio siwezi kuukubali.

Juzi walikuja kuniita tena. Mwanamke mmoja, ambaye akili yake haijatulia tangu tulipokimbia vita, alikuwa ametoka nyumbani siku mbili hajarudi. Nilisema nina homa. Zuhura akasimama tu pale mlangoni uliposimama wewe, na mimi siwezi tena kuvumilia kumwona mtu amesimama pale. Nikaenda. Tulifika kwenye mikoko ile ile, nikaita jina lake, nikanyamaza. Kabla sijafika kumi, akaitika.

Alikuwa mzima, amekaa kwenye mizizi, amekumbatia magoti. Wenzangu walisujudu kwenye tope. Akanishika mkono akasema, "Mungu akulipe, mama." Na mimi, Mungu anisamehe, niliutoa mkono wangu. Nilimtazama, na moyoni nilikuwa nauliza kwa nini yeye. Nikawaambia wambebe, nikatangulia mbele ili wasinione uso.

Watoto walituona tukiwa bado mbali. Wakakimbilia kijijini wakipiga kelele kwamba kapatikana, mwanamke kapatikana. Nilipofika kwenye kona ya kwetu nilimkuta mama yako katikati ya njia, peku, hana ushungi, mikono imejaa unga. Tangu ulipopotea sijamwona akitembea haraka. Alikuwa anakimbia, wifi. Alikuwa anacheka.

Nikasimama mbele yake, nikaishika ile mikono yenye unga. Nikamwambia, "Si yeye, mama."

Kwaheri, wifi yangu. Popote maji yalipokulaza, Mola apafanye pakavu na pa amani kwako.

Wifi yako,
mke wa Selemani